Nusu ya Safari: Hataza za Kulinganisha Saa Zikikaguliwa kwa Jicho la Kilindini

Mwadhini wa msikiti mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, akianza adhana ya magharibi kwa kipaza sauti, aliye umbali wa mita 340 humsikia baada ya sekunde moja. Na kama huyo anayesikia naye ni mwadhini, na desturi yake ni kumfuata wa kwanza, misikiti miwili itapishana kwa sekunde moja bila ya saa yoyote kuharibika. Wimbi la redio nalo hukata takriban mita 300 kwa maikrosekunde moja. Tatizo ni lile lile, limegawanywa kwa milioni. Ila sekunde moja haimharibii mtu futari yake, ilhali katika mitandao ya viwandani maikrosekunde moja mara nyingi ndiyo posho yote iliyopo.

Mitandao hiyo ndiyo inayoitwa mitandao inayojali wakati. Humo ujumbe hautakiwi kufika tu, hutakiwa kufika katika zamu yake, na kila kifaa huijua zamu yake kwa kutazama saa inayokubaliana na za wenzake. Kwa waya, kazi hii ina historia ya kutosha. Kiwango cha IEEE 1588 kilitoka mwaka 2002. Kile cha IEEE 802.1AS cha 2011 kikalenga mapishano yasiyozidi maikrosekunde moja hata baada ya kupita vituo saba. Kisha waya ukaanza kuondolewa. Toleo la 16 la viwango vya 5G, lililokamilishwa mwaka 2020, liliuruhusu mtandao mzima wa simu ujihesabu kuwa swichi moja ndani ya mtandao wa kiwanda, na likaupa posho ya nanosekunde 900.

Sasa tuiweke posho hiyo juu ya ramani ya kisiwa cha Mombasa. Kutoka Fort Jesus hadi magati ya bandari ya Kilindini ni kama kilomita 3 kwa mstari ulionyooka, yaani maikrosekunde 10 za safari ya wimbi peke yake. Posho imeshapitwa mara kumi kabla kifaa chochote hakijafanya kosa. Nako Kilindini hali ni ngumu zaidi: makontena ya chuma yaliyopangwa ghorofa, kreni zinazotembea juu ya reli, na meli ambayo leo imefunga gati na kesho haipo. Wimbi hupiga ukuta wa chuma likarudi, na kinachopokelewa huenda kikawa mwangwi. Bandari itakayotaka kuendesha kreni kutoka chumba cha mbali bila waya, kamera na breki zikisoma saa moja, italazimika kutumia mbinu ambazo huenda zimeshasajiliwa kuwa mali ya mtu. Kwa hivyo nani amepewa hataza, na kwa dai pana kiasi gani, ni suala la bei ya kupakua kontena kabla halijawa suala la wanasheria.

Hoja yangu ni kwamba mkaguzi anayeletewa dai la kulinganisha saa bila waya aanze na swali moja: je, dai hili linataja kuchelewa kunatoka wapi katika ulimwengu wa vitu, na linakifanyia nini chanzo hicho? Lisilotaja ni hesabu iliyovishwa antena. Linalotaja linastahili kusomwa kwa makini, hata kama hesabu yake ni nyepesi.

Tuchukue dai la kubuni, lenye sura ya madai mengi ya aina hii: njia ya kulinganisha saa ya kifaa cha kwanza na ya kifaa cha pili kwa mawimbi ya redio, ambapo ujumbe hupelekwa na kurudishwa, nyakati nne za kutoka na kufika hurekodiwa, muda wa safari hukadiriwa kuwa nusu ya muda wa kwenda na kurudi, na saa ya pili hurekebishwa ipasavyo. Lisomwe upesi, linapendeza: lina vifaa, lina mawimbi, lina matokeo yanayopimika. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 kinataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika viwandani. Sharti la mwisho halina ubishi hapa. Yaliyobaki ni mawili ya kwanza, na ndipo nusu ya safari inapoliumbua dai.

Poincaré alishaeleza mwaka 1900 namna ya kuoanisha saa kwa ishara za mwanga zinazopishana njiani. Mwaka 1905 Einstein akaufanya ule wakati wa katikati, kati ya kutuma na kupokea, kuwa maana yenyewe ya saa mbili kukubaliana. Wakati huo alikuwa mkaguzi wa hataza mjini Bern, kazi aliyoianza mwaka 1902, na Peter Galison, katika kitabu chake cha 2003, amejenga hoja kwamba hataza za saa za umeme zilizokuwa zikipita katika ofisi hiyo zilikuwa sehemu ya mazingira ya fikra zake. Hoja hiyo inavutia, ingawa wapo wanaoinyoosha kupita kiasi chake. Kwetu inatosha kwamba kiini cha dai letu kilichapishwa na mkaguzi wa hataza zaidi ya karne moja iliyopita. Itifaki ya saa ya intaneti ya David Mills, ya 1985, iliitumia nusu hiyo. IEEE 1588 ikaitumia. Na kiwango cha Waifai cha 2016 kikaweka wazi upimaji wa safari ya kwenda na kurudi hewani. Kuongeza maneno "kwa mawimbi ya redio" hakuongezi kitu ambacho mwenye ujuzi wa kawaida asingekifikia mwenyewe.

Hata hivyo nusu hiyo ina udhaifu, na uvumbuzi wa kweli hukaa hapo. Tuseme ujumbe wa kwenda umechukua nanosekunde 1,000 na wa kurudi 1,400. Nusu ya jumla ni 1,200, na saa itarekebishwa vibaya kwa nanosekunde 200. Kosa ni nusu ya tofauti ya safari mbili, na hakuna wastani wa vipimo elfu utakaoliondoa, kwa kuwa kila kipimo kina upogo ule ule. Lakini tofauti hiyo ya nanosekunde 400, ambayo ni mita 120 za njia ya ziada, imetoka wapi? Fizikia inasema njia ya hewani kati ya antena mbili, kwa masafa yale yale na kwa wakati ule ule, ni sawa kwenda na kurudi. Mwombaji anayeandika tu kwamba "njia hazilingani" hajaeleza kitu. Huenda mnara una nguvu nyingi, hivyo kifaa cha kwenye kreni kinalidaka lile wimbi dhaifu lililokuja moja kwa moja, ilhali kifaa chenyewe kina nguvu ndogo na mnara unasikia mwangwi wake tu. Huenda masafa ya kwenda si ya kurudi. Huenda kosa limo ndani ya saketi, kati ya antena na pale muhuri wa wakati unapopigwa. Kila chanzo kina dawa yake. Sheria inamtaka mwombaji aeleze uvumbuzi wake kwa uwazi wa kumwezesha mwenye ujuzi kuutekeleza, na mkaguzi ana haki ya kudai chanzo kitajwe. Maelezo yakizungumzia saketi pekee, dai lisiruhusiwe kuumeza na mwangwi wa makontena.

Pana ubishi wa pili, nao ni wa hesabu. Kifungu cha 21 cha sheria ile ile ya Kenya kinaziondoa mbinu za kihisabati katika orodha ya uvumbuzi. Madai mengi ya kulinganisha saa yana moyo wa hesabu: kichujio cha Kalman, kilichochapishwa mwaka 1960, kinakadiria saa ya pili inakimbia kiasi gani. Mkataba wa Hataza wa Ulaya nao unaziondoa mbinu hizo, lakini unaongeza kwamba zinaondolewa pale tu zinapodaiwa zenyewe kama zenyewe. Kifungu cha Kenya hakina nyongeza hiyo. Wapo watakaosema basi Kenya imefunga mlango. Sidhani. Kukadiria mapishano ni hesabu, lakini kukaza au kulegeza mtetemo wa fuwele ya kwatsi kwa kufuata kadirio hilo ni kuigusa mashine. Uamuzi wa Ulaya wa T 641/00, wa mwaka 2002, unatoa njia inayofaa kuazimwa: sehemu isiyo ya kiufundi ibaki ndani ya dai, ila isihesabiwe inapopimwa hatua ya uvumbuzi. Marekani, baada ya kesi ya hataza ya Alice ya 2014, imepita njia yenye makorongo zaidi, na sioni sababu ya kuifuata.

Kuchagua saa ipi ifuatwe pia si uvumbuzi peke yake. Kwa jua, Mombasa iko mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 38 na ushei; kwa miaka kadhaa kabla ya 1942 saa rasmi ya Kenya ilikuwa mbele kwa saa mbili na dakika 45; leo ni saa tatu kamili. Haya ni makubaliano tu, na jua halikubadili mwendo.

Upana wa dai upimwe pia kwa anga letu. Ombi likisema "pokea saa ya setilaiti kisha uigawe kwa redio, katika mazingira yoyote", mkaguzi wa hapa akumbuke kwamba katika latitudo zilizo karibu na ikweta, na Mombasa iko nyuzi 4 kusini yake, tabaka la ioni huweza kuchafuka baada ya jua kutua na mawimbi ya setilaiti yakayumba kwa saa kadhaa. Mwombaji aliyeeleza namna ya kuishikilia saa wakati setilaiti imepotea ameleta kitu. Asiyeeleza asipewe "mazingira yoyote".

Watu wa vitendo watauliza: kazi yote hii ya nini, na ripoti za upekuzi kutoka nje zipo? Zitumike, kwa kuwa nyaraka ni nyaraka popote zilipopatikana. Hukumu ndiyo isiyoazimwa. Kabla ya ofisi ya hataza kuanzishwa mwaka 1990, njia ya kupata ulinzi Kenya ilikuwa kusajili hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza, na tabia ya kupiga muhuri juu ya muhuri haifi kwa kubadilishwa sheria. Maombi mengine hupitia ARIPO, shirika la kikanda la hataza lililo mjini Harare, ambako Itifaki ya Harare inaipa nchi iliyotajwa miezi 6, baada ya kuarifiwa, kusema kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu kwake. Kwa madai ya nusu ya safari miezi hiyo inatosha kabisa, maana nyaraka za kuyapinga zinajulikana tangu zamani na kuzisoma si kazi ya zaidi ya siku chache.

Turudi kwa mwombaji wetu wa kubuni. Akilikata dai lake na kubakiza kwamba mnara unapunguza nguvu zake hadi kiwango cha kifaa cha kwenye kreni wakati wa kupima, ili pande zote mbili zisikie wimbi lile lile, na akionyesha vipimo vya kabla na baada, na isipatikane nyaraka ya zamani yenye mbinu hiyo, basi amebakiwa na dai jembamba lililotaja chanzo na dawa. Hilo apewe, kwa miaka yake 20.