Giza la Kioo Si Kinga

Huku kwetu Itumbe, kwenye vilima vya majani chai, jua likipatwa kila mtu hutoka na kinga yake. Tarehe 16 Februari 1980, kivuli cha mwezi kilipokatiza Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya, sisi tulibakiwa na jua la kumegwa. Wazee walilitazama ndani ya karai la maji. Vijana tulipaka vipande vya kioo masizi ya koroboi. Tarehe 15 Januari 2010, mwezi ulipoacha pete ya moto angani saa mbili na ushei asubuhi, masizi yalishapitwa na wakati. Watu walishika filamu za eksirei: huyu mbavu, yule goti.

Kasoro ya vifaa hivyo ilidokezwa Uingereza mwaka 1800. William Herschel alijaribu vioo vya rangi ili atazame jua kwa darubini. Akaona kioo kimoja kinafifisha mwanga lakini jicho linahisi joto, kingine kinapitisha mwanga bila joto. Akatawanya mwanga kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto kwenye rangi mbalimbali. Joto likazidi kupanda hata nje ya nyekundu, pasipoonekana kitu. Ndivyo miale ya infraredi ilivyojulikana. Basi weusi wa kioo unaweza kukuhadaa: mboni inatanuka, miale inapenya, na retina haina neva za maumivu za kukuonya.

Nilipostaafu kufundisha fizikia nilinunua darubini ya mtumba. Ndani yake mlikuwa na kioo kidogo cha kijani cha kufungia kwenye lenzi ya jicho, pale pale joto lote linapokusanyika. Kioo cha namna hiyo hupasuka ghafla, jicho likiwa papo hapo. Nilikivunja kwa nyundo.

Kichujio cha kweli hufungwa mbele, kwenye mdomo wa darubini, na hupitisha takribani sehemu moja tu kati ya 100,000 za mwanga. Changu nakiinua kwanza mbele ya taa kutafuta tundu, hata la sindano. Kisha nakibana kwa utepe kisipeperushwe, na kile kidarubini cha kulengea nakifunika.

Tarehe 21 Mei 2031 pete itapita Tanzania, nasi tutamegewa tena. Wanaoagiza miwani ya kupatwa watafute alama ya ISO 12312-2, wakijua kuwa ni ya kutazamia bila darubini: ukiivaa ukachungulia lenzi, jua lililokusanywa litaitoboa.