MJI UNAPOKUA, JIRANI HUENDA WAPI?

Ndugu msomaji, kusini mwa Marekani, katika jimbo la Georgia, upo mji uitwao Atlanta. Mwaka 1837 mahali hapo palikuwa kikomo cha njia ya reli tu. Mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi ya Jenerali Sherman yaliuchoma moto. Ukajengwa tena, ukakua. Katika hesabu ya mwaka 2020, mji huo pamoja na vitongoji vyake ulikuwa na watu zaidi ya milioni 6.

Lakini zingatia, msomaji mpenzi, ni nani aliyelipa gharama ya kukua huko. Mtaa wa Auburn, alikozaliwa Martin Luther King mwaka 1929, ulikuwa na maduka, benki na gazeti la watu weusi. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, barabara kuu ya magari ilikwisha kuukata vipande viwili. Nyumba za umma za Techwood, zilizofunguliwa mwaka 1936, zilibomolewa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1996. Wengi waliokaa humo hawakurudi. Baadaye reli kuukuu zikageuzwa njia za matembezi. Kodi za nyumba za karibu zikapanda, na wenye kipato kidogo wakahamia mbali, ambako kufika kazini bila motokaa ni taabu kubwa.

Hivyo mtu huweza kuwa mgeni katika mtaa aliozaliwa. Basi usistaajabie urefu wa majumba kabla hujauliza: waliokaa hapa mwanzo wako wapi? Liulize swali hilo katika mji wako pia, kwani haki ya jirani haifutwi na ramani mpya.