Mbao za msaji za Kilombero

Mbao za msaji (pia huitwa mbao za mtiki) hutokana na mti wa Tectona grandis. Nchini Tanzania mti huo hupandwa hasa katika mikoa ya Morogoro na Tanga. Mojawapo ya maeneo makubwa ni bonde la Kilombero, ambalo mji wake mkuu ni Ifakara. Mbao hizo hutumika kutengenezea milango, madirisha, samani na vyombo vya majini. Sura yake hutegemea sana kipako, lakini uimara wake hutegemea zaidi sehemu ya gogo ambako ubao ulipasuliwa.

Historia

Asili ya msaji ni India, Myanmar, Thailand na Laos. Uliletwa Tanganyika na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mashamba ya serikali yako Mtibwa (Morogoro) na Longuza (Tanga). Katika bonde la Kilombero upandaji mkubwa ulianza miaka ya 1990, baada ya kampuni ya Kilombero Valley Teak Company kuanzishwa mwaka 1992. Miti ya kupandwa hupunguza haja ya kukata miti ya asili kama mninga, mvule na mkongo.

Sifa

Gogo la msaji lina sehemu mbili. Kiini, yaani sehemu ya ndani, ni cha rangi ya dhahabu hadi kahawia. Kina mafuta ya asili na kemikali zinazozuia mchwa na kuvu. Sehemu ya nje ni nyeupe au ya manjano hafifu, nayo huliwa na wadudu na kuoza upesi. Miti michanga huwa na sehemu kubwa ya nje, na kiini chake hakijakomaa kama cha miti mizee.

Msaji uliokaushwa vizuri haupindi wala kusinyaa sana. Hata hivyo una silika, ambayo hufanya misumeno na randa kuwa butu haraka.

Vipako

* Bila kipako: ubao unaokaa juani na kwenye mvua hugeuka kijivu. Badiliko hilo ni la juu tu. Kiini hubaki kizima.
* Mafuta ya mbegu za kitani: huzidisha rangi na kuonyesha nyuzi. Ni rahisi kurudia, lakini hayadumu. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yanaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa, hivyo hutandazwa yakauke.
* Vanishi: hung'arisha na kuzuia madoa ndani ya nyumba. Nje, vanishi ya kawaida hupasuka na kubanduka kwa jua. Mafuta ya asili ya msaji huizuia kushika, kwa hiyo ubao hupigwa msasa na kufutwa kwa tina kabla ya kupakwa.
* Rangi ya mbao: hufanya sehemu nyeupe ifanane na kiini. Huficha tofauti ya sura, wala haiongezi kinga dhidi ya mchwa.

Utambuzi

Kwa sababu hiyo, mlango uliokwisha kupakwa ni mgumu kukaguliwa. Mnunuzi huangalia ncha za ubao na upande usiopakwa: mistari myeupe huonyesha sehemu ya nje. Kiini kilichorandwa hutoa harufu kama ya ngozi na huteleza kidogo mkononi kana kwamba kimepakwa mafuta.