Wenza na wapinzani katika mbio za barafuni za mzunguko mfupi

Mbio hizi hukimbiwa kwa viatu vyenye vyuma vya makali, kwenye njia ya mviringo yenye mita 111.12. Mshindi ni anayetangulia kufika, na nchi moja yaweza kuingiza zaidi ya mchezaji mmoja katika shindano; hivyo mwenza wa mazoezini huweza kuwa mpinzani fainalini. Mfano mchungu sana ni wa Vancouver, Kanada, Februari 13, 2010. Katika fainali ya Olimpiki ya mita 1500, Wakorea Kusini Lee Jung-su, Sung Si-bak na Lee Ho-suk waliikaribia kona ya mwisho wakiwa mbele ya wote. Lee Ho-suk alijaribu kumpita Sung kwa ndani. Wakagongana, wakaanguka wote wawili. Lee Jung-su akatwaa dhahabu, lakini fedha na shaba zikaenda kwa Wamarekani Apolo Ohno na J. R. Celski.

Mbio za kupokezana hudai kinyume chake: anayemaliza zamu humsukuma mwenzake kutoka nyuma kwa mikono yote miwili, katikati ya msongamano, na bila kuaminiana msukumo huo haufai kitu. Kabla ya majuma mawili kwisha, Lee Ho-suk na Sung walikuwa kikosi kimoja kilichopata fedha ya mita 5000, nyuma ya wenyeji Kanada.