Mbao za Nairobi na Kinga Yake

Upitapo Westlands leo na kutazama majumba marefu ya saruji na vioo, huenda usikumbuke ya kwamba Nairobi ulianza kuwa mji wa mbao na mabati. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899, na nyumba za kwanza zilijengwa kwa haraka. Adui wa mbao zile alikuwa mdogo sana, naye ni mchwa.

Wenyeji wa nchi walikuwa na mti wenye dawa ndani yake. Mti huo ni mwerezi, ambao Wakikuyu huuita mutarakwa. Mafuta yenye harufu yaliyomo katika kiini chake huwafukuza wadudu, na nguzo yake hukaa ardhini miaka mingi bila kuoza. Lakini sifa hiyo ndiyo iliyouponza. Walowezi waliukata kwa nguzo za ua, kwa mbao za nyumba, na hata kwa vijiti vya penseli vilivyouzwa Ulaya. Mwerezi hukua polepole; kwa hiyo serikali ilipanda miti ikuayo upesi, kama saiprasi na misonobari, pamoja na mikaratusi, ambayo kuni zake ziliendesha garimoshi. Miti hiyo haina kinga kama ya mwerezi.

Basi ikawa lazima mbao zitiwe kinga. Mimea yaweza kusaidia: mafuta ya mbegu za mwarobaini huwazuia wadudu kula na kukua, ila jua huyapunguzia nguvu. Njia nyingine ni boroni. Mbao mbichi hutumbukizwa katika maji yenye boraksi, kisha hupangwa na kufunikwa kwa majuma kadhaa, hata dawa ipenye ndani. Mdudu azilaye hufa, na hatari kwa mwenye nyumba ni ndogo kuliko ile ya aseniki. New Zealand ilianza kuitumia sana katika miaka ya 1950. Lakini mvua huiosha. Kwa hiyo yafaa mbao za dari, wala haifai nguzo ya ua.

Karibu na Westlands, katika Karura, Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya ina kituo cha kuchunguza mazao ya misitu. Kazi hiyo yaonyesha gharama ya haraka yetu: tunatafuta kwa elimu na fedha kinga ambayo mwerezi ulikuwa nayo tangu kuota. Nawe utakapojenga, uliza kwanza mbao yako itakaa juani, mvuani au ndani, ndipo uichagulie dawa. Na ukiwa na shamba mahali pa baridi, panda mwerezi, ijapokuwa watakaoukata ni wajukuu wako.