Waliobaki Melini

Katika Kiswahili cha Zanzibar, boti na meli si kitu kimoja. Boti ni chombo chepesi cha alumini, chenye viti vilivyopangwa kama vya ndege, kinachotoka bandari ya Malindi, Unguja, na kufunga gati Dar es Salaam baada ya saa mbili hivi. Meli ni chuma kizito. Sitahani mna magunia, magodoro na watu waliotandika mikeka, na safari yake ya Pemba mara nyingi ni ya usiku. Tofauti hiyo ya majina ni ya juzi tu. Katika miaka ya 1970, MV Mapinduzi ya serikali ikiwa kazini, aliyetaka kuvuka alipanda meli, awe ofisa mwenye mkoba au mkulima mwenye gunia la karafuu. Madaraja yalitofautiana, lakini chombo kilikuwa kimoja, na kikichelewa kiliwachelewesha wote. Leo tunapojadili kuondoa meli na vivuko vikuukuu ili vije vyombo vyenye kasi, tunazungumza kana kwamba kipya hushika nafasi yote ya cha zamani. Historia ya bahari hii haisemi hivyo. Inaonyesha kwamba chombo chenye kasi huchukua baadhi ya abiria, na wale kinaowaacha, pamoja na mizigo yao, hubaki na chombo kibovu kuliko kile walichokuwa wakichangia na wenzao. Ndiyo maana swali la dakika ngapi zitaokolewa linapaswa kuja la pili. La kwanza ni nani atabaki, na atabaki na nini.

Mwaka 1872 unafaa kuwa mwanzo. Aprili ya mwaka huo kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa minazi na mikarafuu na kuangamiza merikebu za Sultani Seyyid Barghash zilizokuwa bandarini. Mwaka huohuo kampuni ya Kiingereza ya British India ilianza kuleta meli ya barua kutoka Aden hadi Zanzibar, mfereji wa Suez ukiwa umefunguliwa miaka mitatu nyuma. Barghash naye akageukia meli za moshi, akazinunua kwa ajili ya biashara na kwa ajili ya mahujaji. Aliyesimama ufukweni wakati ule angeweza kuapa kwamba jahazi limekwisha. Halikwisha. Mwanahistoria Erik Gilbert, katika kitabu alichotoa 2004 kuhusu majahazi na uchumi wa Zanzibar ya wakoloni, ameonyesha jinsi vyombo vya tanga vilivyoendelea kuwa na kazi hadi karne ya 20 ilipokwisha kushika kasi. Jahazi lilibeba boriti za mikoko kutoka Rufiji, liliingia vijito visivyo na gati, lilikubali kupwelewa mchangani na kungoja maji yajae, na halikudai ratiba. Meli ya moshi iliwahi; jahazi lilifika kule ambako meli haikuona faida ya kufika.

Kuna jambo moja katika kipindi hicho ambalo watetezi wa vyombo vipya hulipita haraka. Wale walioachwa na meli ya moshi walikuwa na chombo kizima cha kurudia. Jahazi lilikuwa na mafundi wake Nungwi, Lamu na kwingineko. Ubao ukioza ulitolewa, kalafati ikapigwa upya, tanga likashonwa. Manahodha wake walifundishwa bahari hiyohiyo waliyosafiria, wakajua kusi inaanza lini na mkondo wa Nungwi unageuka saa ngapi. Kwa hiyo kugawanyika kwa kazi kati ya moshi na tanga hakukuwa balaa. Kila upande ulikuwa na watu wanaoujua na kuutunza. Hali haikuwa hivyo karne moja baadaye.

Katikati ya miaka ya 1980 Zanzibar ilifungua milango ya biashara. Bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka, fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwa adimu, na meli za serikali zilizidi kuchakaa. Watalii wakaanza kuja kwa wingi. Waliohitaji kuwahi walikuwa tayari kulipa zaidi, na kufikia miaka ya 1990 boti za kasi za watu binafsi zilikuwa zimeshika njia ya Unguja na Dar es Salaam. Baadaye zikaja za kisasa zaidi zenye miili miwili, zilizojengwa Tasmania, Australia. Sifa zake ni za kweli na sitazipunguza. Mgonjwa anaweza kuvuka asubuhi akaonwa na daktari Muhimbili na kurudi kwake jioni. Mfanyabiashara mdogo wa Darajani anaweza kwenda Kariakoo na kurejea siku hiyohiyo. Lakini boti ile haina ngama ya kumeza tani za mchele na saruji, nauli yake haimfai kila mtu, na mwenye mtaji ataipeleka kwanza kwenye njia yenye watalii. Pemba haikuwa njia hiyo. Basi boti zikazidi kuwa nzuri upande mmoja, na upande wa pili pengo lililoachwa na meli za serikali likajazwa na meli kuukuu zilizonunuliwa nje baada ya kutumika miaka mingi katika bahari za wenzetu.

MV Spice Islander ilikuwa mojawapo. Ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, iling'oa nanga Malindi kuelekea Pemba ikiwa na watu na mizigo kupita kiasi. Wako walioiona imelemewa wakashuka kabla haijaondoka. Usiku wa manane, upande wa Nungwi, ilizama. Tume iliyoundwa baadaye ilisema ndani yake walikuwamo watu 2,470, wakati nafasi yake ilikuwa ya abiria 600 na kitu, na kwamba waliokufa na waliopotea walifika 1,573. Ukiitazama orodha ya mizigo na wakati wa safari, unaona ni akina nani waliokuwa humo: watu waliokuwa wakirudi makwao baada ya sikukuu, wenye bidhaa za dukani, familia zilizochagua nauli ya chini na safari ya usiku kwa sababu mizigo yao isingekubaliwa kwingine. Hao ndio niliowaita waliobaki melini.

Kama maafa yangeishia hapo, mtu angeweza kusema tatizo ni uzee wa chuma, na dawa yake ni chombo kipya chenye kasi. Miezi kumi baadaye jibu hilo lilikataliwa na bahari yenyewe. MV Skagit ilikuwa boti ya abiria iliyojengwa Louisiana, Marekani, mwaka 1989. Kwa miaka ishirini ilivusha wafanyakazi wa Seattle na visiwa vya jirani, asubuhi kwenda kazini na jioni kurudi, katika ghuba iliyokingwa na nchi kavu pande nyingi. Jimbo la Washington lilipoacha kuendesha boti za abiria pekee, Skagit na pacha wake Kalama ziliuzwa mwaka 2011, zote mbili kwa dola 400,000. Kwa kipimo cha kasi, zilikuwa hatua mbele kuliko meli zetu nyingi. Tarehe 18 Julai 2012 Skagit iliondoka Dar es Salaam na watu wapatao 290, nafasi yake ikiwa 250. Julai ni mwezi wa kusi, na mkondo wa Zanzibar haufanani na ghuba ya Seattle. Karibu na Chumbe boti ikaenda mrama, ikapinduka. Zaidi ya watu 140 walikufa au hawakuonekana tena, na waziri aliyehusika na usafiri Zanzibar akajiuzulu. Boti hiyo ilikuwa na umri wa miaka 23, zaidi kidogo ya nusu ya umri wa Spice Islander. Iliundwa kwa ajili ya kazi ya watu wengine, katika maji ya watu wengine, ikaletwa hapa kwa sababu ilikuwa rahisi na yenye kasi.

Wako watakaopinga wakisema kwamba umri na aina ya chombo ni mambo ya pembeni, kwamba kilichoua mara zote ni kujaza watu kupita kiasi na usimamizi mbovu. Hoja hiyo ina nguvu na ushahidi upo. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa na watu wengi mno kuliko nafasi yake ya 430. MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa na umri wa miaka 14 tu na nafasi ya watu 101. Waliokufa walizidi 220. Kwa upande mwingine MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilizamishwa vitani, ikaibuliwa na kulihudumia Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi. Ni kweli kwamba uzee peke yake hauzamishi. Lakini tuulize kwa nini watu hujaa. Ukara ilikuwa siku ya gulio. Abiria wa Spice Islander walikuwa wakirudi Pemba baada ya Idi. Mahali penye chombo kimoja kinachokubali magunia, askari wa getini anashindana na maelfu ya watu ambao kwao kubaki nyuma kunamaanisha kulala bandarini na mzigo unaooza. Sheria ya kukataza kujaza ilikuwapo kabla ya maafa hayo yote. Kilichokosekana ni nafasi ya pili melini, na nafasi hiyo haipatikani kwa amri ya polisi.

Pingamizi jingine ni kwamba boti za kisasa zimethibitisha usalama wake, hivyo ziongezwe hadi zitosheleze wote. Nakubali zinapunguza saa za kukaa baharini, na hilo ni jambo kubwa kwa anayesafiri na mtoto mchanga. Hata hivyo Januari 2014, palepale Nungwi, wimbi liliipiga boti ya kisasa iliyokuwa ikitoka Pemba na kuwachukua abiria waliokuwa nje sitahani. Chombo bora bado kinahitaji nahodha atakayesema leo hatuendi, na mwenye chombo atakayekubali hasara ya siku hiyo. Tena boti hata zikiongezeka mara kumi, gunia la karafuu halitapata kiti. Mzigo utatafuta chombo chake, na mwenye mzigo atasafiri nao kwa sababu hana wa kumkabidhi.

Hesabu ya kasi huonekana dhaifu zaidi kwenye vivuko vifupi. Likoni, Mombasa, maji yana upana wa takriban mita 500. Feri ikienda kilomita 10 kwa saa huyavuka kwa dakika 3. Ukiizidishia kasi mara mbili umeokoa dakika moja na nusu. Abiria hupoteza muda wake kwenye foleni, akingoja feri ishushe, ipakie, na kupisha meli kubwa inayoingia Kilindini. Anachohitaji ni feri nyingi zilizo nzima kwa wakati mmoja, na lango pana la kupandia. Kigamboni, Dar es Salaam, nako tumeshapata somo letu. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016 na kuwapa wenye magari njia ya haraka, lakini mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli na mwenye beseni la samaki wa soko la Feri waliendelea kupanga foleni ya pantoni, kwa sababu kwao daraja ni mzunguko mrefu. Kivuko MV Dar es Salaam, kilichonunuliwa mwaka 2014 kwa karibu shilingi bilioni 8 ili kwenda Bagamoyo, kilikosolewa katika ripoti ya Mkaguzi Mkuu kwa kutofikia kasi ya maili 20 za baharini kwa saa iliyotakiwa kwenye mkataba. Mkaguzi alitimiza wajibu wake. Lakini kivuko hakikudumu katika njia ile, na hata kama kingeongeza maili moja au mbili, lingebaki swali la abiria gani wa Bagamoyo aliyekuwa akikihitaji kila siku wakati basi liko barabarani.

Litabaki pingamizi la fedha: meli ya mzigo na abiria maskini haina faida, na serikali haiwezi kubeba hasara milele. Kenya humvusha bure mtembea kwa miguu pale Likoni, na gharama hulipwa kama zinavyolipwa gharama za barabara, ambayo hakuna anayeidai faida. Pemba ni kisiwa cha watu, na bahari ndiyo barabara yao. Zanzibar yenyewe ilikubali hivyo baada ya msiba, ikaagiza MV Mapinduzi II kutoka Korea Kusini, meli mpya iliyowasili mwishoni mwa 2015 ikiwa na nafasi ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo. Haikununuliwa kushindana na boti. Ilinunuliwa ili mwenye gunia asiachwe na chombo cha mwisho sokoni, na kwa maoni yangu ndiyo manunuzi ya busara kuliko yote yaliyofanywa katika bahari hii kwa miaka hamsini.

Kwa hiyo ninawaomba wanaoandaa zabuni za vyombo vipya, Unguja, Dar es Salaam, Mwanza na Mombasa, wafanye kazi moja kabla ya kutaja kasi. Wahesabu mizigo inayopita getini kwa msimu mzima, wahesabu abiria wa nauli ya chini, wataje upepo na mkondo wa njia husika, kisha watangaze chombo gani kitawabeba watu hao kuanzia siku kile cha zamani kitakapoondolewa. Hesabu hiyo ibandikwe Malindi, Mkoani na Kivukoni, mahali ambapo wabeba magunia wataisoma, kabla tiketi ya kwanza ya chombo kipya haijauzwa.