Kumsaidia mlemavu kupiga kura: sheria inasema nini kwetu Kasongo na Kabambare

Kila uchaguzi unapokaribia swali moja hurudi katika makanisa yetu. Mama asiyeona, baba aliyepooza miguu, kijana asiyesikia: watapigaje kura, na nani ana haki ya kuingia nao mahali pa siri? Wengine hujibu kwamba mlemavu abaki nyumbani, jamaa watachagua kwa ajili yake. Wengine hudhani kwamba yeyote mwenye huruma anaweza kumshika mkono na kumbonyezea mashini. Majibu yote mawili yanapingana na sheria. Tumekusanya hapa mambo ya lazima, ili wachungaji, wamama wa kanisa na vijana wayajue mapema, siyo asubuhi ya kura.

Haki hii inatoka wapi

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 5, inasema kura ni ya watu wote, ni sawa kwa wote, na ni ya siri. Kila Mkongomani, mwanaume au mwanamke, aliyetimiza miaka 18 na mwenye haki zake za kiraia na za kisiasa, ni mchaguzi. Katiba haidai awe anaona, wala awe anatembea, wala awe anajua kusoma. Kifungu cha 49 kinaongeza kwamba wazee na watu wanaoishi na ulemavu wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na kwamba Serikali ina wajibu wa kuwapa nafasi katika vyombo vya taifa, vya jimbo na vya mitaa.

Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 29 cha mkataba huo kinazungumzia uchaguzi: mahali pa kura na vifaa vyake viwe rahisi kufikiwa na kutumiwa, kura ibaki siri, na mlemavu akiomba, asaidiwe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya kikaboni namba 22/003, inayolinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu.

Uchaguzi wenyewe unaongozwa na sheria namba 06/006 ya tarehe 9 Machi 2006, iliyorekebishwa mwaka 2011, 2015, 2017 na 2022. Ndani yake mna kanuni tunayoihitaji zaidi: mchaguzi asiyeweza kupiga kura peke yake ana haki ya kusaidiwa na mtu aliyemchagua yeye, na mtu huyo naye awe mchaguzi.

Nani anamchagua msaidizi

Tusome kanuni hiyo polepole. Anayechagua msaidizi ni mlemavu. Siyo mkuu wa biro ya kura, siyo shahidi wa chama, siyo chifu wa kijiji, siyo mume, na siyo mchungaji. Mama asiyeona akitaka binti yake, basi ni binti yake, mradi awe ametimiza miaka 18 na awe mchaguzi. Mtoto wa miaka 12 anayemwongoza kila siku njiani anaweza kumfikisha mlangoni, lakini hawezi kuwa msaidizi wake wa kura.

Tena, msaada huu ni haki, siyo amri. Mtu aliyepooza miguu lakini mikono yake ni mizima hahitaji mtu wa kumbonyezea. Anahitaji meza anayoifikia na njia isiyo na ngazi. Asiyesikia anahitaji kuonyeshwa kwa ishara, kisha aachwe peke yake. Tusimlazimishe mtu msaada kwa sababu tu tumemwona na fimbo.

Nani anaweza kukatazwa

Hapa watu wengi wanakosea. Sheria inawatoa kwenye kura watu wenye upungufu kamili wa akili uliothibitishwa na daktari. Maneno mawili yana uzito: kamili, na kuthibitishwa na daktari. Mwenye kifafa, mwenye kigugumizi, bubu, au mzee anayesahau majina hawamo katika kundi hilo. Hakuna jirani wala mtu wa mlangoni mwenye ruhusa ya kusema, «Huyu ni mwenda wazimu, arudi nyumbani». Wengine wasiopiga kura ni waliopokonywa haki zao kwa hukumu ya mwisho ya mahakama, pamoja na askari wa jeshi na polisi.

Mashini ya kura

Tangu uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, na tena ule wa tarehe 20 Desemba 2023, CENI imetumia mashini. Mchaguzi anapewa karatasi, anaiingiza katika mashini, anagusa picha ya mgombea kwenye kioo au anaandika namba yake, mashini inachapa chaguo lake juu ya karatasi, naye anaikunja na kuitia katika sanduku.

Kwa anayeona, picha husaidia hata kama hajui kusoma. Kwa asiyeona, kioo ni laini kote. Kidole hakipati alama ya kukiongoza. Kwa hiyo yeye anategemea kabisa macho ya mwingine, na hapo ndipo kura inaweza kuibiwa bila kelele. Msaidizi akigusa picha nyingine, mwenye kura hatajua kamwe. Ndiyo maana uaminifu wa msaidizi mmoja una uzito kuliko mahubiri mengi juu ya uchaguzi.

Tunashauri mlemavu akariri nyumbani namba na jina la mgombea wake. Akiwa ndani, amtajie msaidizi kwa sauti ya chini. Msaidizi asome kwa sauti ya chini kile kilichochapwa kwenye karatasi kabla haijakunjwa. Akitoka, afunge kinywa: siri ya kura ile si yake kuitoa, hata kwa ndugu wa ukoo.

Kabla ya siku ya kura

Mtu hupiga kura pale jina lake lilipoandikwa. Katika Maniema kuandikisha wachaguzi kwa ajili ya 2023 kulianza tarehe 16 Februari mwaka huo. Wengi waliokwenda kujiandikisha mbali, kwa sababu foleni ilikuwa fupi au jamaa walikuwa huko, walijikuta na safari ndefu siku yenyewe. Kwa mwenye miguu mizima ni taabu. Kwa anayetambaa au anayebebwa kwenye baiskeli ni kizuizi kamili. Kasongo na Kabambare tunazijua njia zetu wakati wa mvua, na kura za mwaka 2018 na 2023 zote ziliangukia Desemba. Basi zamu nyingine ya kuandikisha ikija, mlemavu aandikishwe kwenye kituo kilicho karibu na mahali anapolala. Na walioikimbia vita wakapoteza kadi, waombe nakala yake kwa CENI mapema.

Siku yenyewe

Biro hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni saa ya kufunga bado ana haki ya kupiga kura. Wazee, wajawazito na walemavu wapitishwe mbele; wakisahauliwa, mwombeni mkuu wa biro kwa heshima. Akikataa kumpokea msaidizi aliyechaguliwa na mlemavu, msifanye fujo. Waelezeni mashahidi wa vyama na wachunguzi, ili jambo hilo liandikwe. Mwaka 2023 ECC na CENCO zilituma wachunguzi kwa pamoja, na kazi yao ni pamoja na kuona mambo kama hayo.

Makanisa yafanye nini

Kila kanisa liorodheshe walemavu wake wenye umri wa kura, liwaulize mmoja mmoja wanataka kusaidiwa na nani, na lipange baiskeli, pikipiki au mabega ya vijana. Mtu mmoja asijifanye msaidizi wa kijiji kizima. Hilo linaleta mashaka, hata akiwa shemasi mwaminifu. Na mchungaji asipeleke wagonjwa wake kwa mgombea wake.

Tunawakumbuka wale wanne waliombeba mwenye kupooza na kutoboa paa ili afike. Walimfikisha, hawakusema kwa niaba yake. Nasi tumfikishe ndugu yetu mpaka kwenye mashini, kisha tumwachie neno lake.